Tumemaliza Mahari Yote

Baba yangu ana ugonjwa mmoja ambao duka la dawa ninapofanya kazi halina tiba yake: hawezi kusikia Kiswahili kibovu akanyamaza. Mtu wa namna hiyo kuishi Kigali ni adhabu, kwake na kwetu. Redio anaisahihisha. Mchungaji anamsahihisha mlangoni mwa kanisa, watu wakisubiri kusalimiana. Dereva wa pikipiki anamsahihisha akiwa amepakiwa nyuma yake, wako kasi, wanakata kona ya Sonatubes: si 'gari iko mingi', kijana, ni magari ni mengi. Wapo madereva Gikondo wanaomwona kwa mbali wakakumbuka ghafla kwamba wana abiria mwingine.

Alizaliwa na kukulia Tabora, kwa wazazi waliokimbia Rwanda, akafundisha Kiswahili shule ya msingi hukohuko. Aliporudi Rwanda na mama yangu, mimi nikiwa bado wa kubebwa mgongoni, alikuta hakuna anayemhitaji. Watu walitaka Kinyarwanda, walitaka Kifaransa, baadaye wakataka Kiingereza. Akaishia kwenye ghala moja Gikondo, anapokea magunia na kuwasumbua wapagazi kwa ngeli. Ghala amestaafu. Ngeli hajastaafu. Mama alipofariki tulibaki wawili kwenye ile nyumba, mimi na yeye, na jioni nikirudi kazini namkuta ameshaandaa makosa ya taarifa ya habari ili anisomee.

Sasa, katika wanaume wote wa mji huu, mimi nikaenda kumpenda muuza vipuri vya magari wa Gatsata, aliyejifunza Kiswahili kwa mafundi wa Kongo na wateja wa Uganda. Kwake kila kitu 'iko'. Mvua iko, njaa iko, mapenzi iko. Na zile r na l kwake ni ndugu wanaoazimana nguo, huwezi kujua leo nani kavaa ya nani. Si kosa lake, Kinyarwanda kinawafanya wengi wetu hivyo, na hata mimi kaunta nikizidiwa na wateja ulimi wangu unapotea njia. Ila yeye ulimi wake haukuwahi kuijua njia yenyewe. Usiku alikuwa ananipigia simu kuniambia 'rara salama', nami narara kweli, nimetabasamu kama mjinga.

Penzi letu lililelewa na gemu. Wengine wanapelekwa kando ya ziwa kula samaki, mimi nilipelekwa sebuleni kwa dada yake Gatsata kucheza gemu ya watoto. Mashine yenyewe aliinunua kwa mteja aliyekuwa anahama nchi, na ndani yake ilikuwa na mchezo mmoja tu. Vile vidude vya kushika mkononi vijana wanaviita pedi. Mimi kazini nauza pedi za aina nyingine kabisa, kwa hiyo siku aliyonipigia simu nikiwa kaunta, spika ikiwa wazi, akaniambia kwa furaha kwamba ameninunulia pedi mpya, ya bluu, isiyo na waya, mama mmoja aliyekuja kutafuta dawa ya kikohozi aliacha kukohoa.

Mchezo ulikuwa hivi. Dunia nzima ni ya karatasi: milima ya karatasi, bahari ya karatasi, mpaka moshi wa jikoni ni karatasi imekatwa mikato. Wewe ni tarishi, mtu wa karatasi, bapa kama bahasha, ukigeuka upande huonekani. Kuna bosi mmoja mwovu aliyetengenezwa kwa karatasi ngumu ya kadi za harusi, anazunguka kila mahali akiwakunja wenyeji. Mtu akishakunjwa anapata pembepembe, anakuwa askari, anasahau watoto wake. Kazi yako ni kwenda mahali baada ya mahali ukiwakunjua. Kupigana kwenyewe si kwa ngumi. Unasimama katikati, maadui wamekuzunguka kwenye miduara, na una muda mfupi wa kuizungusha ile miduara mpaka wajipange mstari mmoja. Wakipangika, unawarukia wote kwa mpigo. Wasipopangika, wanakuja mmoja mmoja kukupasua. Ukimaliza mahali, ramani inagongwa muhuri, mnahamia mahali pengine.

Mimi ndiye nilikuwa fundi, lazima niseme ukweli. Yeye alikuwa anazungusha miduara kama anafungua nati iliyoshika kutu.

Basi ukafika wakati wa kumleta kwa Baba. Nikamleta kama 'rafiki', uongo ambao mtu mzima yeyote anaujua, lakini adabu inataka utamkwe. Walikaa mezani wawili, wali, maharage na isombe, kisamvu cha kwetu, katikati yao, mazungumzo hayaendi. Mimi nikaenda jikoni kuchukua maji. Nilikawia kidogo tu, na katika muda huo nusura niharibikiwe maisha.

Baba alikuwa ameuliza, kwa upole wake wa shingo upande, "Huwa mnafanya nini mkikutana?"

Mpenzi wangu, kwa kuwa hakutaka kuonekana mhuni, akaamua kusema ukweli mtupu. "Mzee, sisi tunaenda mahari kwa mahari. Saa hii tumemaliza mahari yote. Imebaki moja tu."

Baba akaweka kijiko chini. "Mahari."

"Yego, mzee. Ile ya mwisho iko ngumu. Rakini binti yako iko na nguvu sana, yeye ndiye anapigana."

"Mmemalizia wapi?"

"Kwa dada yangu, Gatsata. Sisi wawiri tu."

Naingia na jagi la maji, nawakuta mmoja amekunja uso, mwingine anatabasamu kwa kuona mazungumzo yameanza kunoga. Baba akanyanyuka, akatoka nje na simu. Tulimsikia vizuri kupitia dirishani. Alikuwa anampigia baba mkubwa, kaka yake, amuulize kama amekula ng'ombe wa binti wa watu kimyakimya. Baba mkubwa alikana kwa nguvu, na jinsi alivyokana ndivyo Baba alivyozidi kumshuku. Kumbuka kwetu mahari inaombwa mbele za watu, kwa maneno na heshima, haimaliziwi Gatsata na binti mwenyewe anapigana.

Nilimfuata nje nikamweleza. Ilichukua muda, kwa sababu nilikuwa nacheka, na kucheka hakukusaidia.

"Alikuwa anasema mahali, Baba. Mahali kwenye gemu."

"Basi aseme mahali."

"Ndivyo anavyosema mahali."

Akaniangalia. Aliniangalia vile vile siku nilipomwambia sitaki kuwa mwalimu. "Mlete Jumapili na hiyo gemu yake," akasema. "Nikikuta ni mahari utanitambua."

Jumapili akaja, mashine ameifunga kwenye mfuko wa mchele, ameivalia shati la kanisani. Akaifunga kwenye televisheni yetu. Baba akavuta kiti chake karibu, akavaa miwani, amekaa mkao wa polisi. Akamwonyesha kijana kigoda kando yake, akasema kile anachowaambia wageni wote: "Karibu. Mahali pako papo."

"Asante, mzee. Mahari yangu iko."

Nilifumba macho. Baba akavuta pumzi. Akaeleza, kwa sauti ya darasa la tatu, kwamba mahali ni mahali na pana ngeli yake, pa, mahali pangu papo, na kwamba mahari ni mahari, ni jambo lingine, na kijana wa umri wake awe mwangalifu sana asije akavichanganya mbele ya mzee mwenye binti. Mpenzi wangu akaitikia kwa kichwa, kama anaelekezwa kuweka gia.

Kisha mchezo ukaanza, na Baba akasahau kukasirika. Akauliza kwa nini hawa watu wana pembe. Tukamwambia wamekunjwa.

"Na wakikunjuliwa?"

"Wanakumbuka watu wao, mzee. Wanafurahi."

"Wanakuwa wakunjufu," akasema Baba, akacheka peke yake mpaka akavua miwani. Ilibidi amweleze kijana tena, kunja, kunjua, mkunjufu, mtu mwenye moyo uliofunguka, neno limetoka hukohuko kwenye karatasi na nguo. Tangu Mama aondoke sikuwa nimemsikia akicheka hivyo. Nikajifanya natafuta kitu kwenye kabati.

Ikawa kila Jumapili. Baba ni mchezaji mbovu, na nasema hivyo kwa heshima zote za mtoto kwa mzazi. Alishika pedi kama sahani ya moto. Ukimwambia azungushe kulia anauliza kulia kwa nani, kwake au kwa tarishi, na wakati unamjibu tarishi ameshapasuliwa. Akishindwa ni pedi. Isipokuwa pedi ni umeme. Umeme ukiwa mzima, ni sisi tunampumulia sikioni. Wala hakukubali tuendelee tulipofika wawili. Alitaka kuanza upya, mahali pa kwanza, ahakikishe hakuna mtu tuliyemwacha amekunjwa. Na kweli tulikuwa tumewaacha wengi. Tulikuwa wapenzi, tulikuwa na haraka.

Kila mahali palipoisha, muhuri ukigongwa, Baba alisimamisha mchezo afundishe. Mtihani ulikuwa ule ule. "Usiseme chochote, sikiliza tu. Mahari. Mahali. Mahali. La kwanza lilikuwa lipi?" Mwanzoni yule mwanaume alikuwa anabahatisha, anakosa, anafuta jasho. Mimi nilimhurumia, tena nilikasirika kwa niaba yake: mtu anajua kwa kusikiliza tu kwamba injini yako inataka kufa, unamtesa kwa herufi. Lakini polepole sikio lake likafunguka. Ikafika mahali Baba anasema haraka, anasema kwa kunong'ona, anasema akiwa jikoni, na yeye anapatia kila mara. Kutamka ndiko hakuweza. Sikio liliingia, ulimi ukabaki Gatsata. Kila Jumapili Baba akimkaribisha, mahali pako papo, yeye anajibu mahari yangu iko, na Baba anamsahihisha kwa kuridhika kabisa.

Halafu mpenzi wangu akanipigia simu siku moja nikiwa kazini: "Nimepata mahari."

Mimi nilijua ni ipi. Alikuwa amepata nyumba ya kupanga, yetu ya baada ya harusi, karibu na Sonatubes, vyumba viwili na kibaraza, mbele pana mti wa parachichi. Nilifurahi mpaka nikampa mteja chenji mara mbili. Furaha haikufika jioni. Nilirudi nyumbani, nikamkuta Baba amesimama mbele ya televisheni iliyozimwa, anaipangusa vumbi kwa leso yake. Nikiondoka mimi, nani atasomewa makosa ya taarifa ya habari?

Nikamwambia palepale: uje ukae na sisi, chumba kipo.

"Baba mkwe ahamie kwa mkwe?" akasema. "Watasema binti wa fulani aliolewa na furushi."

Ndivyo ilivyo kwetu. Mzee anaweza kukaa kwa mwanawe wa kiume, akala, akalala, akalalamikia chumvi, na hakuna atakayesema kitu. Kwa mkwe anakwenda kusalimia, anakunywa chake, anarudi kwake kabla giza halijaingia. Baba hakuwa na mtoto wa kiume. Alikuwa na mimi. Akasema atakuwa sawa, ana redio, ana televisheni, ana majirani wanaozungumza vibaya vya kutosha. Hata mpenzi wangu alipomgusia, kwa kuzungukazunguka, Baba alimkata kwa kumsahihisha kitenzi. Nilikasirika siku hizo zote. Nilikasirikia desturi, nilimkasirikia yeye, nikawa natupa sufuria. Niliumia, basi, hakuna jina jingine.

Jumapili zilizofuata tulikuwa mahali pa mwisho, kwenye ngome ya yule bosi wa kadi za harusi. Baba alishika pedi mwenyewe, akashindwa. Jumapili nyingine akashindwa tena. Nilidhani ni ubovu wake wa kawaida, mpaka nikaacha kuangalia skrini nikaangalia vidole vyake. Maadui walikuwa wamepangika. Mstari ulikuwa umekamilika, umenyooka, mtoto wa chekechea angebonyeza. Baba akauangalia, akazungusha mduara mara moja zaidi, akauharibu. Tarishi akapasuliwa.

"Pedi hii," akasema.

Mpenzi wangu naye alikuwa ameona. Hatukuangaliana. Akasema, "Pole, mzee. Jumapiri tutajaribu tena."

Ikafika siku ya gusaba, siku ya upande wa mwanaume kuja kuomba mke. Kama hujawahi kuiona, ni gemu ile ile bila pedi. Wazee wawili wanaojua maneno wanaketi wametazamana, mmoja wa kila upande, na ndugu wamewazunguka kwa safu. Wageni wanasema wamekuja kuomba binti. Wenyeji wanasema binti gani, hapa hakuna binti. Wageni wanazungusha maneno. Wenyeji wanasema ah, kumbe yule, amesafiri. Wageni wanazungusha tena, kwa methali, kwa utani, kwa ukoo, mpaka mambo yapangike mstari na wenyeji wakose pa kutokea. Mzee wetu alikuwa baba mkubwa, yuleyule aliyeshukiwa kula ng'ombe, na siku hiyo aliwatoa jasho kweli.

Mimi sikuona chochote. Bibi harusi anafichwa ndani mpaka aitwe. Nilikuwa chumbani na shangazi zangu, nimevalishwa mushanana, shuka lake limefungwa begani, nimepakwa poda mpaka siwezi kucheka. Dirisha lilikuwa wazi kuelekea kwenye hema. Nilichokuwa nacho ni masikio tu.

Nikasikia wamefika kwenye ng'ombe. Mzee wa kule akasema kwa Kinyarwanda kizuri kwamba ng'ombe yupo na anajulikana malishoni. Makofi. Baba mkubwa akajiandaa kupokea. Hapo nikasikia kiti kikisogezwa, na kikohozi ninachokijua. Baba wa bibi harusi siku hiyo hasemi. Amewekewa msemaji, kazi yake ni kukaa na kupendeza. Lakini Baba alisimama, akasema kwa Kiswahili, taratibu, kila herufi mahali pake:

"Mimi sitaki mahari. Nataka mahali."

Wengi walielewa Kiswahili vizuri tu, lakini kwa masikio ya Kigali mzee alikuwa amesema neno moja mara mbili. Nikasikia mnong'ono ukipita kwenye safu: hataki mahari, anataka mahari? Shangazi yangu akanigeukia. "Baba yako jua limemwingia," akasema. Mzee wa upande wa pili, bingwa wa maneno, alikwama kabisa. Akauliza kwa heshima kama ukoo unaomba ng'ombe wa pili.

Mimi nilikuwa nimeshika pazia kwa mikono miwili. Kumbe alikuwa ametafuta namna. Mwanaume wa umri wake asingeweza kusema mbele ya ukoo mzima naogopa kubaki peke yangu, nichukueni. Alikuwa amelisema, na amelificha ndani ya herufi moja, na chini ya hema lile palikuwa na mtu mmoja tu aliyefundishwa kuisikia.

Bwana harusi naye siku hiyo hasemi. Nikasikia kiti kingine kikisogezwa.

"Mahari yako iko, mzee."

Watu wakapiga makofi kwa nguvu, wamefarijika, kwao ng'ombe alikuwa amethibitishwa na mwenye harusi mwenyewe. Shangazi zangu wakapiga vigelegele. Poda yangu yote ilikuwa imeharibika, na kuna mtu alikuwa ananipangusa huku ananigombeza, mimi namsukuma mkono nisikie. Nilikuwa namsubiri Baba. Makosa mawili kwenye sentensi fupi, mbele ya watu wote hao, tena kwenye neno alilolifundisha kila Jumapili. Mahali pako papo, ndivyo inavyotakiwa.

Baba akakohoa tena.

"Asante, mwanangu," akasema, na nikasikia kiti chake kikipokea uzito.

Hakusahihisha hata herufi.